Kodi Ilipanda, na Dhamana Nayo Ikapanda

Mkataba wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa: nyumba ya vyumba viwili na sebule, Tabata jijini Dar es Salaam, kodi Sh 450,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba na mpangaji walishakubaliana kodi iwe Sh 500,000, na ofisi ya mawakili tuliyokuwa tunaitengenezea mfumo ikampa kazi hiyo wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa ombi kisha ikafanya kazi yenyewe kwa kutumia zana: pandisha kodi, mengine yaache yalivyo. Ilikuwa 2025, tukiwa bado kwenye majaribio.

Hati ilirudi safi. Aliyeona tatizo ni katibu muhtasi wa ofisi ile, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Shangazi. Yeye hukagua hati kwa rula, mstari baada ya mstari, na rula yake ilisimama kwenye kifungu cha dhamana.

“Mwanangu, huyu mpangaji alitoa dhamana ya laki nne na nusu siku anaingia. Karatasi hii inasema katoa laki tano. Siku ya kuhama, hiyo elfu hamsini atamdai nani?”

Chini zaidi, fidia ya kuvunja mkataba bila notisi nayo ilikuwa imepanda.

Wenzangu walitaka tubadilishe modeli, yaani akili mnemba yenyewe inayomwendesha wakala, wakisema hii ni dhaifu. Mimi nilifungua kwanza rekodi za mfumo, na nilichokikuta kikanifanya nimtetee wakala. Alikuwa ameita zana yetu ya kuhariri, programu ndogo anayoitumia kubadilisha hati, akaipa maandishi ya zamani “450,000” na mapya “500,000”. Maelezo ya zana hiyo, tuliyoyarithi kwa walioanza kazi kabla yetu, yalikuwa maneno manne tu: “Hubadilisha maandishi katika hati.” Kwamba inabadilisha kila mahali yanapoonekana, hakuna aliyemwambia. Modeli haioni msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulio nyuma ya zana. Inapewa jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake (nafasi za kujaza, kama maandishi ya zamani na mapya), na kwa hayo ndiyo inaamua. Nilikuwa nimesoma maandishi ya Desemba 2024 ya Anthropic, kampuni ya akili mnemba, walipoeleza kwamba wakala wao wa kurekebisha msimbo alikuwa akikosea njia za faili, yaani anwani za mahali faili zilipo, akishatoka kwenye folda ya mwanzo. Wakaifanya zana idai njia kamili kila mara, makosa yale yakakoma. Nikaona na letu linatibika hukohuko, kwenye zana.

Nikamwomba Shangazi akae nami tuandike upya. Miaka yote amewaelekeza wachapaji waliokuja na kuondoka, kwa hiyo anajua mtu mgeni mwenye bidii anaharibu nini pale maagizo yanapokuwa nusunusu. Kila sentensi niliyomsomea aliijibu kwa swali. “Akikuta maneno hayo yapo sehemu tatu, afanyeje?” Nikaandika. “Na asipoyakuta?”

Swali hilo la pili lilitupeleka mbali. Faili la docx, yaani hati ya Word, ni kifurushi cha zip chenye faili kadhaa ndani, na maandishi yake yamo kwenye XML, mfumo wa kuandika data kwa alama, yamekatwa vipande. Mtu akigusa tarakimu moja katikati ya namba, Word inaweza kuihifadhi “450,000” katika vipande viwili, japo kwenye skrini inaonekana nzima. Zana yetu ilikuwa inatafuta ndani ya kipande kimoja kimoja, hivyo ingeweza kujibu “hakuna”, na wakala angeamini kwamba kiasi hicho hakimo kabisa kwenye mkataba. Hapo kupanga maneno vizuri hakusaidii. Tulibadilisha msimbo, aya iunganishwe yote kabla ya kutafuta, ndipo nikaendelea kuandika, maana sikutaka kuahidi jambo ambalo zana haitendi.

Maelezo yaliyopatikana yalikuwa haya:

“Hubadilisha sehemu moja tu ya hati. Kwanza soma kifungu husika kwa zana ya kusoma. Maandishi ya zamani yanakiliwe kama yalivyo, pamoja na nafasi na alama, na yawe yanapatikana mara moja tu katika hati. Yakipatikana zaidi ya mara moja, hakuna kitakachobadilishwa. Utaletewa namba za vifungu yalimo, nawe uongeze maneno ya kabla au baada yake. Usitumie zana hii kuongeza wala kufuta kifungu kizima.”

Sentensi ya mwisho ni ya Shangazi, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Sisi watengenezaji huandika zana inafanya nini, halafu tunasahau kusema isitumike wapi.

Tukarudia ombi lilelile. Wakala akaanza tena na “450,000” tupu. Zana ikakataa: “Yamepatikana mara 3, vifungu vya 4, 6 na 11. Hakuna kilichobadilishwa.” Akasoma kifungu cha 4, akarudi na “kodi ya kila mwezi ya Sh 450,000”, ikabadilika hiyo peke yake. Kisha akaandika kwamba dhamana na fidia zimebaki kama zilivyokuwa, akauliza kama fidia ifuate kodi mpya.

Shangazi alipitisha rula hadi kwenye sahihi za mashahidi. “Hilo la fidia ni la wakili, mpelekeeni,” alisema, akavuta kiti karibu na kompyuta. “Haya, ile zana ya kufuta vifungu mmeiandikaje?”