Ndoo tatu na mizani: nilivyopunguza chakula kinachotupwa jikoni kwetu

Nilisimamia mgahawa miaka sita bila kuchungulia ndani ya pipa la taka. Likijaa, gari linakuja, pipa linarudi tupu. Kisha gari likakosa kuja siku nne mfululizo, na asubuhi moja nikalazimika kufunua pipa mwenyewe. Juu kabisa hapakuwa na maganda wala mifupa. Palikuwa na wali wa usiku uliopita, mweupe, punje zimeachana vizuri, umeshikana chini kwa umbo la sufuria ulimopikwa. Hakuna kijiko kilichokuwa kimeugusa. Nilimfikiria aliyeuchambua mchele ule, iliniuma sana.

Kesho yake nilinunua mizani na ndoo tatu. Ya kwanza ilikuwa ya maandalizi: maganda, vikonyo, mboga zilizonyauka. Ya pili, chakula kilichopikwa kikabaki jikoni. Ya tatu, makombo ya sahani za wateja. Kila usiku kabla ya kufunga tulipima na kuandika kwenye daftari lililoning'inizwa kwa kamba kando ya sinki. Wiki mbili nzima hatukubadilisha chochote, tulipima tu. Nawasihi wanaotaka kujaribu wavumilie hizo wiki mbili, maana ukianza kurekebisha siku ya kwanza hutajua kilichosaidia ni kipi.

Nilikuwa na hakika kwamba wateja ndio wanaotupa. Daftari likasema vingine: ndoo ya pili ilikuwa nzito kuliko zile mbili zikijumlishwa. Chakula kilikuwa kinaharibikia kwetu, hata mezani hakijafika.

Mpishi wetu mkuu ni mama aliyenizidi umri kwa mbali, na jikoni neno lake ndilo la mwisho. Nilimwuliza kwa heshima kwa nini kila jioni tunajaza masufuria mawili makubwa kwa mpigo.

"Mwanangu," akasema, "mgeni wa mwisho akikuta sufuria tupu, lawama ni yangu. Kikibaki, hakuna anayeniuliza."

Jibu lile lilinifunza kuliko mizani. Hofu yake ilikuwa ya haki, na aliyeipanda ni mimi. Nikamwambia, "Basi mama, kuanzia leo kikiisha, lawama ni yangu." Tukakubaliana sufuria ya kwanza iwe kubwa na zinazofuata ziwe ndogo, zipikwe kadiri watu wanavyoingia. Saa moja kabla ya kufunga, vyakula viwili vinaondolewa kwenye orodha ya siku. Kilipoisha mara ya kwanza, nilitoka mwenyewe kumwomba mteja radhi, huku mama akinitazama kutoka mlangoni. Tangu siku hiyo ndoo ya pili ikaanza kupungua kweli.

Kwa ndoo ya tatu nilisimama kando ya sinki mchana kutwa. Sahani baada ya sahani zilirudi na saladi ileile, majani mawili na vipande vya nyanya, haijaguswa. Tulikuwa tunaiweka ili sahani ipendeze tu. Sasa anayeitaka anaiomba. Wali tulipunguza kwa nusu upawa, na mhudumu humwambia mteja mapema kwamba akitaka kuongezewa ataongezewa bila malipo. Mwanzoni wapo walionung'unika kwamba tumekuwa wachoyo. Walipoona nyongeza inakuja kweli, wakatulia, na wanaoiomba ni wachache.

Wakati huo nikasoma ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Inakadiria kwamba mwaka 2022 nyumba, migahawa na maduka duniani vilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na takriban asilimia 60 ilitoka majumbani. Nikabeba mizani hadi nyumbani. Kule nilikuta mkate uliokauka, matunda yaliyosahaulika nyuma ya friji, na viporo ndani ya vibakuli ambavyo huwezi kuona kilichomo. Sasa rafu iliyo usawa wa macho ni ya vitu vya kuliwa kwanza, vibakuli ni vya kioo, na hakuna anayekwenda sokoni kabla ya kufungua friji. Pia nilikuwa natupa vitu kwa kutosoma vizuri tarehe: "bora kabla ya" inahusu ubora, "tumia kabla ya" ndiyo ya usalama.

Kinachobaki jikoni kikiwa safi tunakitandaza kwenye sinia pana kipoe upesi, na ndani ya saa mbili kinakuwa kwenye friji. Asubuhi kituo cha kulea watoto hukichukua. Cha kwenye sahani ya mtu hatukigawi kamwe. Maganda tulimpa jirani anayetengeneza mboji, naye wiki ya pili akaturudishia ndoo imejaa vijiko vya plastiki. Tuliomba radhi, tukahamishia pipa la plastiki kabla ya ndoo, ili mkono wa mhudumu ulikute kwanza.

Hapo nikafika mwisho wa uwezo wangu. Makombo yaliyobaki huchukuliwa na gari linalochanganya kila kitu, yakafukiwe dampo, ambako yakioza bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Ada yangu ya taka haikubadilika, nitupe nyingi au kidogo. Korea Kusini ilikataza kufukia mabaki ya chakula mwaka 2005, na mwaka 2013 ikaanza kuwatoza watu kwa kiasi wanachotupa. Kwenye majengo mengi ya ghorofa pipa lenyewe hupima uzito, mtu akigusisha kadi. Watu wakajifunza hata kuchuja maji kwanza, kwa sababu maji nayo ni uzito. Jiji la Milan, Italia, kati ya 2012 na 2014, ilisambaza ukusanyaji wa mabaki ya chakula peke yake kwa nyumba za jiji zima. Mifano hiyo imenishawishi kwamba mizani yangu inatakiwa iwe ya jiji zima.

Mimi na wenzangu, wenye migahawa tisa kwa jumla, tumepeleka nakala za madaftari yetu kwa wahusika wa taka. Tumeomba mawili: siku maalumu ya kuchukua mabaki ya chakula, na ada inayofuata uzito. Wametaka takwimu za mwaka mzima. Daftari la pili limeshaanza, liko kwenye kamba ileile, na siku hizi mama ndiye anayeandika.