Degedege la homa, na sisi tunaolitazama

Sijaona ugonjwa wa utotoni unaomvuruga mzazi akili kwa haraka kama degedege. Mtoto aliyekuwa amejilaza mapajani na homa yake ya kawaida anakakamaa ghafla, macho yanapinduka, taya zinabana, mate yanatoka povu, midomo inabadilika rangi, na mikono na miguu inatikisika kwa namna ambayo hakuna nguvu ya mama inayoweza kuizuia. Mara nyingi jambo hilo humalizika ndani ya dakika chache, lakini anayelitazama huliona refu mno. Mwanangu wa pili alianza kupatwa nalo kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, nalo limemrudia kila baada ya muda tangu hapo. Ninaandika kwa ajili ya mzazi ambaye ametoka hospitalini, ameambiwa kwamba mtoto yuko salama, na bado hapati usingizi.

Maelezo ya madaktari kuhusu degedege la homa ni ya kutuliza, na ni ya kweli. Huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, hasa katika mwaka wao wa pili, kwa sababu ubongo ambao haujakomaa huweza kushtushwa na homa. Huwapata watoto kati ya 2 na 5 katika kila 100, na katika baadhi ya familia hurithiwa. Likiwa la kawaida, yaani likiutikisa mwili mzima, likimalizika kabla ya dakika 15 na lisirudi ndani ya saa 24, haliharibu ubongo wala halipunguzi akili ya mtoto, na walio wengi kabisa hawapati kifafa baadaye. Takriban theluthi moja ya watoto hurudiwa nalo, hasa wale walioanza wakiwa wadogo, na mwanangu yumo katika kundi hilo.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya kuwatuliza wazazi imeandikwa katika nchi ambazo malaria haipo. Sisi tunaoishi Morogoro hatuwezi kusoma kwamba degedege halina madhara kisha tukarudi kulala. Degedege lenyewe mara nyingi hupita bila kuacha doa, lakini homa iliyolileta inaweza kuwa ya malaria kali, au ya uti wa mgongo, na hizo huua. Ndiyo maana wahudumu wetu wa afya hufundishwa kulihesabu miongoni mwa alama za hatari, pamoja na kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, na kulegea au kupoteza fahamu. Mzazi wa huku anatakiwa kuamini mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mtoto wake hafi wakati anapotikisika, na kwamba ni lazima apelekwe kupimwa hata kama ametulia na anaomba uji. Ilinichukua muda mrefu kuyabeba yote mawili bila moja kulifuta jingine.

Kilichonisaidia zaidi ni kuwa na kazi ya kufanya. Mtoto hulazwa kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje, vitu vigumu huondolewa karibu naye, vifungo vya shingoni hulegezwa, na mtu mmoja huangalia saa. Hashikwi kwa nguvu, hamwagiwi maji, wala hapewi dawa au kinywaji mpaka azinduke kabisa. Likifika dakika 5 halijakoma, anahitaji dawa ya kulikatisha, ambayo katika vituo vingi ni diazepamu inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa. Kwa hiyo usafiri hautafutwi baada ya dakika 5. Hutafutwa tangu mwanzo. Kwetu jirani mwenye bajaji anafahamu hali ya mtoto, na nauli ya usiku tunaiweka pamoja na kadi ya kliniki na kadi ya bima.

Kijiko ndicho kilichotushinda kwa muda mrefu kuliko yote. Kila mtu mzima anayeingia chumbani, awe jirani au shemeji, anataka kumtia mtoto kijiko kinywani ili asiung'ate ulimi. Ulimi uliong'atwa hupona, lakini jino lililovunjika huweza kumkaba mtoto, na kidole cha mtu kikiingia kati ya taya zilizobana huumia vibaya.

Mama mkwe wangu alikulia pembezoni mwa Bagamoyo, na kule alikokulia mtoto mwenye degedege hapelekwi kudungwa sindano, kwa kuwa inaaminika kwamba sindano itamuua. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye alinisimulia, kwa utulivu, habari za watoto aliowaona yeye mwenyewe, waliozungushwa kwanza kwa mafusho na kuogeshwa dawa za miti, wakafika zahanati wakiwa wameishiwa nguvu, wakadungwa sindano, wakafa muda mfupi baadaye. Aliyesimama pale aliona sindano, kisha akaona kifo; hakuna aliyemwonyesha malaria iliyokuwa imekwisha kufanya kazi yake siku nzima kabla ya hapo. Tangu siku hiyo sikubishana naye tena kuhusu sindano. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba dua aisome ndani ya bajaji badala ya kuisoma nyumbani, naye akakubali, na siku hizi yeye ndiye wa kwanza kutafuta kanga ya kumfunikia mjukuu wake.

Hospitalini mtoto hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, hupimwa sukari kwa kuwa ikishuka nayo huleta degedege, kisha daktari hutafuta chanzo cha homa masikioni, kooni, kifuani na kwenye mkojo. Wakati mwingine huomba kutoa maji ya uti wa mgongo, na hapo wazazi wengi hukataa kwa hofu kwamba mtoto atapooza. Mimi pia niliogopa, mpaka daktari mmoja aliponionyesha kwa kidole, mgongoni kwa mwanangu, kwamba sindano huingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Maelezo hayo ya nusu dakika yalinifaa kuliko kuambiwa nisiwe na wasiwasi.

Usiku unaofuata ni mgumu kwa namna yake. Nilikuwa nikiamka kila mara kugusa paji la uso, na parasetamoli naihesabu kwa saa nikidhani kwamba nikiwahi dozi nitaliwahi degedege. Dawa hiyo humpunguzia mtoto maumivu na kumfanya anywe na alale, lakini uchunguzi wa madaktari haujaonyesha kwamba inazuia degedege lisirudi. Zaidi ya hayo, mara nyingine degedege ndilo linalotangulia kuwajulisha wazazi kwamba mtoto ana homa. Mama anayejilaumu kwamba alichelewa kuigundua homa anajilaumu kwa jambo ambalo pengine halikuwepo bado.

Tuliyemsahau ni dada yake mkubwa. Alikuwa akitolewa chumbani na kufungiwa mlango, kwa hiyo alichokijua ni kelele za watu wazima tu, na akaanza kukataa kulala chumba kimoja na mdogo wake. Tulipomweleza kinachotokea na kumpa kazi yake, kwamba akimbie kumgongea jirani wa bajaji, hofu yake ilipungua kuliko yangu.

Mwaka huu mdogo ameanza chekechea. Mwalimu aliuliza kama azuiwe kukimbia na kucheza juani, nikamjibu kwamba hakuna sababu, ila nilimwandikia karatasi ya mistari michache: ubavu, saa, kinywani pasitiwe kitu, simu yangu, kituo cha afya kilicho karibu. Aliisoma mara mbili, akaniomba ruhusa ya kuinakili bila jina la mtoto, kwa sababu darasani mwake kuna mwingine mwenye hali kama hiyo ambaye mzazi wake hajawahi kusema.