Mkataba wa Chumba Changu Tokyo na Piano za Takemitsu

Mkataba wa chumba ninachopanga hapa Tokyo unakataza ala yoyote ya muziki, na kifungu hicho kimeniumiza kuliko hata fedha za shukrani alizopewa mwenye nyumba, fedha zisizorudishwa, ambazo aliyewahi kutoa kilemba cha fremu Kariakoo atazielewa bila maelezo. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya tangu ujana. Mnaojiandaa kuja huku, ulizeni habari ya ala kabla ya kutia saini, kwa maana nyumba zinazoziruhusu zipo, ila kodi yake hupanda.

Aliyenifariji ni mama mzee jirani, aliyenikaribisha nipige piano yake Jumapili jioni, na ndiye aliyenisimulia habari za Tōru Takemitsu, mtunzi aliyezaliwa Tokyo mwaka 1930, akaingizwa jeshini akiwa na miaka 14, kisha baada ya vita akaugua kifua kikuu. Hakuhitimu chuo chochote cha muziki, wala hakuwa na piano. Alitembea mitaani, na aliposikia piano ikilia ndani ya nyumba alibisha hodi, akaomba aipige kidogo. Watu walimfungulia. Baadaye mtunzi Toshirō Mayuzumi, ambaye walikuwa hawajafahamiana, alimpelekea piano.

Takemitsu huyo alitunga muziki wa filamu zipatazo 100. Katika Ran ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1985, ngome inaposhambuliwa kelele zote za vita huondolewa, ukabaki muziki wake peke yake juu ya moto na maiti, mpaka mlio wa bunduki unapoukata. Sijaona filamu nyingine iliyomwamini mtunzi kiasi hicho.

Ninalojivunia zaidi, ingawa mimi si Mjapani, ni kazi yake November Steps ya mwaka 1967. Okestra ya New York Philharmonic, ikitimiza miaka 125, ilimwagiza kazi, naye akawaweka mbele yake wapigaji wawili, mmoja wa shakuhachi, filimbi ya mwanzi, na mwingine wa biwa, ambayo ni ndugu wa mbali wa udi wa taarabu yetu, kila ala ikibaki na sauti yake bila kulazimishwa kuifuata fidla. Wapiga udi wa Unguja na Mombasa waisikilize kazi hiyo, hasa pale okestra nzima inaponyamaza na kuwaachia wawili hao uwanja kwa dakika kadhaa.