Roketi za maji Lubumbashi

Safari ya basi kutoka Mbeya hadi Lubumbashi inaumiza kiuno, na sitaisimulia. Foleni ya malori ya shaba pale Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ilitosha kunimaliza. Mjini, noti yangu ya dola 20 ikakataliwa kila nilipoitoa, kwa sababu ya mpasuko mdogo pembeni. "Papa, hii haiko muzuri," wananirudishia, kisha chenji ya noti nyingine wanakupa faranga zilizochakaa hadi tarakimu hazisomeki! Chumba nacho kililipwa kwa dola, na maji ya bomba yalikuja usiku wa manane.

Nilikwenda kujitolea kwenye mashindano ya roboti ya watoto, niwaoneshe roketi za mfano uwanjani nje ya ukumbi. Mota za baruti huwezi kuzipandisha basi la abiria, kwa hiyo tulitumia maji: chupa, kizibo chenye vali ya baiskeli, mapezi ya boksi na pampu. Chupa ni ya soda, kwa kuwa imeundwa kuhimili gesi. Ile nyepesi ya maji ya kunywa hupasuka mapema.

Nilipowaambia wajaze maji theluthi moja, binti mmoja, ambaye roboti ya timu yao ilikuwa imetolewa asubuhi ile, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, juu ya nini theluthi?"

Nikaanza maelezo. Akanikatiza kwa adabu: "Tuone kwanza."

Basi tukaona. Akaamuru chupa zote zipigwe pampu hadi mgandamizo wa bar 4, isizidi wala kupungua. Ile isiyo na maji ikatoa mlio, ikaruka kidogo, ikalala: hewa peke yake ni nyepesi mno kuisukuma. Ile iliyokaribia kujaa ikajikokota, maana hewa iliyobanwa humo ilikuwa haba. Ya theluthi ikapaa hadi wenzake wakapiga kelele. Yeye hakupiga. Alikuwa amesimama mita 30 kutoka hapo na kipimapembe chenye uzi na nati, akisoma pembe. Ikifika nyuzi 45, kimo ni sawa na umbali uliosimama, ongeza urefu wa macho yako. Akaandika, kisha akasema huenda upepo umesaidia, turudie. Tukarudia hadi jua likazama, na mimi nilikuwa mpiga pampu wake, kwa furaha kubwa.

Kaskazini mwa uliokuwa mkoa wa Katanga, enzi ukiitwa Shaba, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi mwaka 1977, na ya Juni 1978 ikafeli mbele ya Rais Mobutu. Wenyeji walikuwa watazamaji. Kinshasa, mhandisi Jean-Patrice Keka amerusha roketi zake ziitwazo Troposphère, na watoto wa Lubumbashi wanamtaja kwa jina kama wanavyowataja wachezaji wa Mazembe.

Nikawaza kwetu. Shule niliyosoma ina maabara, na funguo hukaa ofisini mwaka mzima. Tulichora roketi ubaoni, tukakariri kanuni ya tatu ya Newton, tukafaulu. Hakuna aliyeuliza kwa nini theluthi, na angeuliza angeambiwa akae chini. Jambo hilo linaniuma hadi sasa.

Pampu nimewaachia wao. Nimeshamwandikia mwalimu wa fizikia wa kata yetu: Jumamosi tunahitaji uwanja, chupa za soda, na hao wanafunzi wanaouliza sana.