Daftari la Kuzimika

Jumapili jioni. Leo nimefunga steshenari mapema, nikarudi nyumbani na daftari dogo la kurasa 48 lenye neno moja juu ya jalada: KUZIMIKA. Mume wangu aliliona mezani akashtuka, akauliza kama kuna msiba ambao hajaambiwa. Nikamwambia ni la kompyuta. Akacheka, akarudi kwenye mpira wake. Mimi nimekaa nalo tangu saa kumi na moja, nalisoma ukurasa kwa ukurasa, na aibu kidogo inanipata.

Kompyuta yenyewe niliinunua Kariakoo kwa shilingi 340,000, pamoja na skrini, kibodi na mausi. Imetumika Ulaya, ikasafishwa, ikawekewa Windows upya, ikapangwa dukani na wenzake kama thelathini, zote nyeusi, zimefanana kama wanafunzi kwenye gwaride. Yangu ina prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Intel i5 ya kizazi cha nne, kwa hiyo umri wake unapita miaka kumi. Ubavuni bado ina stika ya namba ya mali, na chini yake maandishi ya Kiingereza yanayosema Chumba cha 14. Nadhani ilikuwa shule, huko Uingereza, maana waya wake ulikuja na plagi ya miguu mitatu bapa kama zetu, haukuhitaji adapta. Muuzaji alinipa dhamana ya wiki mbili. Nikapanda nayo basi hadi Morogoro, sanduku nimelipakata kama mtoto, skrini iko miguuni.

Mashine za umri huu zipo tele sokoni. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ofisi ya Ulaya inayofuata taratibu haitengenezi, inabadilisha. Sisi huku tunazipokea tukiwa na mashaka yetu tayari mfukoni.

Tatizo la kwanza lilijitokeza siku ya nne. Asubuhi ile umeme ulikuwa umerudi baada ya kukosekana usiku kucha. Kijana mmoja alikuja kujaza maombi ya mkopo wa chuo. Nafungua tovuti, inagoma: muunganisho si salama. Najaribu tovuti ya habari, inagoma. Nikazima ruta nikaiwasha. Nikanunua bando jingine, ujinga mtupu. Kijana mwenyewe ndiye aliyetupa jicho kwenye kona ya chini ya skrini akasema, "Dada, kompyuta yako iko 2013."

Kweli. Ilisoma tarehe 1 Januari 2013. Tovuti za siku hizi zinakuja na cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayoamini iko 2013 ikiona cheti kilichotolewa mwaka huu inakiona kimetoka kwenye wakati ambao bado haujafika. Inakikataa, na ina haki. Ndani ya mashine kuna betri bapa ya kutunza saa wakati umeme haupo, CR2032, tarakimu zenyewe zikimaanisha kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Yangu ilikuwa imekufa. Nilifungua ubavu wa sanduku na kukuta vumbi la kijivu, laini kama pamba, vumbi la mazulia, si hili letu jekundu. Nikasukuma kibanio kwa ukucha, betri ikaruka. Mpya nilipata kwa fundi saa wa sokoni kwa shilingi 2,000.

Ushindi ule uliniharibu. Nilijiona fundi.

Wiki ya tatu, siku moja tu baada ya dhamana kwisha, nikiwa naandika kadi za mchango wa harusi, majina 180, nimefika jina la 150 na kitu, skrini ikawa nyeusi. Feni ikanyamaza, halafu ikavuta pumzi upya na mashine ikaanza kuwaka yenyewe. Taa ya dukani inawaka, ruta inawaka, feni ya juu inazunguka. Kompyuta tu. Nilikuwa sijahifadhi. Mwenyekiti wa kamati amekaa mbele yangu ananitazama, na mimi nalitazama neno la kukaribishwa la Windows.

"Ndio mtumba huo," akasema.

Neno hilo nimelisikia wiki zile hadi nikalichoka. Ikizima, ndio mtumba. Ikichelewa kufungua faili, ndio mtumba. Nilimpigia muuzaji, naye kwa sauti ya huruma kabisa akasema, "Unajua dada, mtumba ni mtumba." Nami nilianza kusema hivyo hivyo kwa wateja kabla hawajaniuliza, na nikishasema nahisi nimetoa maelezo. Sasa nikisoma daftari naona nilikuwa sijaeleza chochote. Ukishasema mtumba, hakuna anayeuliza swali la pili.

Kijana wa kompyuta wa mtaani kwetu alikuja na flashi yake. "Tupige Windows," akasema kabla hajakaa, yaani tuiweke upya. Nikamwambia imepigwa Kariakoo juzi tu. Akasema ya Kariakoo haiaminiki. Akapiga Windows kwa shilingi 20,000, na siku hiyo hiyo akapuliza vumbi, akachomoa vipande vya RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, na kusugua meno yao ya kuchomekea kwa ufutio wa shuleni, akabadilisha pesti ya joto juu ya prosesa, akachomoa spika. Siku tatu mashine ikatulia. Nikamsifia kwa kila mtu. Siku ya nne ikazima mara mbili kabla ya saa sita. Na hata kama ingepona moja kwa moja, tusingejua dawa ilikuwa ipi, maana alimpa mgonjwa tano kwa mpigo. Zile siku tatu za utulivu nimezijua maana yake baadaye: ilikuwa Idi na wikiendi yake, shule zimefungwa, wateja hakuna.

Akaichukua kwake. Siku mbili usiku na mchana imewaka, haikuzima hata mara moja. Aliendesha hadi programu ya kupima RAM kuanzia jioni hadi asubuhi, kosa sifuri. "Nzima kabisa," akasema, akanitazama kwa jicho la kusema labda wewe ndiye una matatizo. Nikairudisha dukani. Saa 4:10 asubuhi, kimya.

Ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja fundi redio, ana kibanda nyuma ya stendi ya bodaboda, mambo ya kompyuta anasema hayajui. Sikumwendea kama fundi, nilikwenda kuchukua pasi yangu. Nikalalamika tu wakati ananitafutia chenji.

"Inazima ukiwa unafanya nini?" akauliza.

"Inazima tu, mzee."

"Hakuna kinachozima tu, mwanangu. Nenda kaandike."

Kwa hiyo daftari. Ukurasa wa kwanza:

Jumanne 4:10 asubuhi. Naandika barua ya kuomba kazi. Imezima, imewaka.
Jumanne 7:35 mchana. Sijaigusa. Natoa kopi za mwalimu. Imezima.
Jumanne 10:02 jioni. Mdogo wangu anaprinti. Imezima.
Jumatano. Haijazima siku nzima. Biashara mbaya, wino wa fotokopi umeisha.
Alhamisi asubuhi. Haijazima. Wino bado.
Alhamisi 8:15 mchana. Wino umekuja. Imezima!!

Ile alama ya mshangao mara mbili ni ya hasira, si ya kugundua. Niliandika jibu kwa mkono wangu mwenyewe na sikuliona kwa siku nne. Wino wa fotokopi nilikuwa nauandika kama malalamiko ya biashara, sikuuhesabu kuwa habari za kompyuta.

Aliyeliona ni mdogo wangu, naye hakuwa anasoma daftari. Alikuwa amesimama mlangoni anakula muhogo. "Dada, mbona ukibonyeza fotokopi taa inafifia?" Nikainua kichwa. Nimeizoea taa ile mpaka nimeacha kuiona. Nikabonyeza. Taa ikalegea kidogo, kama mtu anayesinzia, ikarudi.

Mashine ya fotokopi ina rola ndani inayopashwa moto ili wino wa unga uyeyuke na kushika kwenye karatasi. Ikiamka kutoka usingizini, rola ile inavuta umeme mwingi kwa ghafla, wati elfu moja na zaidi, wakati kompyuta yangu haifiki hata mia. Vyote viwili, pamoja na mashine ya kulamineti na birika langu la chai (ndiyo, na birika), vilikuwa vimechomekwa kwenye ekstensheni moja nyembamba yenye matundu sita. Rola ikivuta, umeme wa dukani unashuka, zaidi pale kwenye ekstensheni. Balbu inafifia. Kompyuta inazima. Ndiyo maana kwa kijana wetu ilikuwa nzima: yeye hana fotokopi.

Safari hii nilijaribu kitu kimoja peke yake. Nilifungua faili tupu, nikaacha kila kitu kilivyo, nikawa nasubiri fotokopi ilale halafu naiamsha. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna kitu. Mara ya tatu taa ilififia na skrini ikawa nyeusi, nami nikapiga makofi. Mteja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti alinishangaa. Wiki sita naichukia mashine hii kwa kuzima, na siku hiyo nilifurahi ilipozima.

Lakini mzee hakuridhika. Nilipompelekea habari akasema, sawa, umeme unashuka, ila mashine nzima inatakiwa ivumilie mshuko wa kufumba na kufumbua. Ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, kuna kapasita kubwa inayotunza akiba ndogo kwa ajili hiyo, ya milisekunde kumi na kitu, hata mzunguko mmoja wa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde haufiki. Akiba ile ikipungua, hata kikohozi kidogo kinaangusha.

Alinikataza kuifungua mwenyewe. Kapasita ile inaweza kubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa, na yeye ana kovu kidoleni la kuthibitisha, alinionyesha. Aliiacha ilale bila waya hadi kesho yake, akafungua, akahakikisha kwa mita kwamba haina kitu, ndipo akaniita. Kapasita ya kawaida kichwa chake ni bapa, kina mikato kama ya msalaba, ili shinikizo likizidi ipasukie hapo. Ile kubwa ya kwangu ilikuwa imetuna kama andazi. Pembeni yake dogo moja lilikuwa limevuja kitu cha kahawia kilichokauka. Joto la miaka kumi, akasema, maji ya ndani yanakauka.

Kununua pawa saplai nyingine isingewezekana kirahisi, maana mashine hizi za maofisini zina saplai ya umbo lake na viunganishi vyake, zile za kawaida za dukani haziingii. Akaweka kapasita mpya, uwezo ule ule, volti zisizopungua, zenye alama ya kuvumilia joto la nyuzi 105. Nilimwuliza kwa nini asichomoe kwenye bodi za televisheni zilizojaa mlangoni kwake. "Hizo nazo zimezeeka," akasema. Elfu kumi na mbili, vifaa na kazi.

Kisha nikamwita fundi umeme aipe fotokopi soketi yake ukutani. Alipoichomoa ile ekstensheni mguu mmoja wa plagi ulikuwa umegeuka kahawia na plastiki ya kuuzunguka imelegea kama nta. Akanusa, akanipa nami ninuse. Kila kitu dukani mwangu ni mtumba: kompyuta, fotokopi, hata kabati la vioo. Ekstensheni ndiyo pekee niliyoinunua mpya, ndani ya nailoni yake, nikafurahia bei.

Siku zilizofuata niliendelea kubeba daftari. Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Alhamisi umeme ulikatika mtaa mzima, nikaandika halafu nikafuta, maana hilo si lake. Kadi za harusi niliziandika upya bure, zote 180. Harusi imefanyika Jumamosi iliyopita. Kadi ya mwaliko niliprinti mimi, ya kwangu haikuwemo.

Kurasa zilizobaki mdogo wangu ameshaanza kuandikia madeni, hakuniuliza. Ya mwisho ni ya jana: Jumamosi 5:20 asubuhi, mwalimu, kopi 60, hajalipa. Kopi sitini mfululizo, na mimi muda huo nilikuwa kwenye kompyuta napanga picha za pasipoti.