Utando wa figo bandia hauujui uchafu

Wagonjwa wapya wanaoanza kusafishwa damu huniuliza sana swali aliloniuliza mzee mmoja wa Maji ya Chai, hapa Arusha, mkono kaunyoosha, sindano mbili zimeshaingia kwenye fistula, yaani mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji ili damu itoke na kurudi: "Mwanangu, hii mashine inajuaje kwamba huu ni uchafu na hii ni damu yangu?"

Haijui, mzee wangu. Nilimjibu hivyo, halafu nikavuta kiti nikakaa, kwa sababu jibu hilo likiachwa hapo linatisha.

Ile silinda ya plastiki iliyosimama ubavuni mwa mashine, tunayoiita filta, ndiyo figo bandia yenyewe, ina nyuzi zipatazo 10,000. Kila uzi una uwazi katikati, wa upana kama milimita 0.2. Damu hupita ndani ya nyuzi. Nje yake, kwa mwelekeo wa kinyume, hupita maji yenye chumvi zilizopimwa. Kinachotenganisha damu na maji hayo ni ukuta wa uzi peke yake, na ukuta huo una vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Chembe nyekundu za damu hazipenyi. Albumini, protini yenye uzito wa molekuli wa 66,000 hivi, nayo hubaki. Yurea na kreatinini, taka ambazo figo nzima huzitoa kwenye mkojo, zina uzito wa 60 na 113, kwa hiyo hupita. Utando huu kazi yake ni kuangalia ukubwa, basi. Uzuri na ubaya haviuhusu.

Sasa, sodiamu nayo ni ndogo, na mwili hauwezi kuishi bila sodiamu. Mbona haimwagiki yote? Hapa ndipo ninapopapenda. Molekuli haijui inakokwenda. Inahangaika huku na huku, na inaweza kuvuka utando kwenda ng'ambo au kurudi. Upande wenye nyingi hutuma nyingi, upande wenye chache hutuma chache, hadi pande mbili zilingane. Maji ya mashine hayana yurea hata tone, ndiyo maana yurea ya mgonjwa huhama. Sodiamu tunaiweka kwenye maji karibu sawa na ya damu, kama milimoli 138 kwa lita, hivyo zinazotoka na zinazoingia hulingana. Bikaboneti tunaizidisha makusudi, maana damu ya mgonjwa wa figo imejaa asidi. Basi utando uleule, dakika ileile, yurea inatoka na bikaboneti inaingia. Anayeamua ni aliyeyachanganya yale maji.

Na potasiamu? Kwa wengi tunaiweka milimoli 2 kwa lita, ili ile ya mgonjwa ishuke taratibu. Wachagga na Wameru wenzangu mnisikilize hapa. Ndizi, parachichi na maharage vina potasiamu nyingi, na figo zikishindwa kazi hakuna pa kuitoa hadi siku ya mashine. Jumatatu ndiyo siku ninayoiogopa: mtu amekaa Jumapili nzima kwenye kipaimara, mtori na ndizi nyama, anaingia miguu imelegea na moyo unadunda ovyo. Potasiamu ikipanda sana husimamisha moyo. Simkatazi mtu chakula cha kwao. Ndizi zikikatwa vipande vidogo, zikachemshwa kwenye maji mengi na yale maji yakamwagwa kabla ya kuungwa, sehemu ya potasiamu huondoka nayo. Mtori wa hivyo hauna uzito uleule mdomoni, najua, na bado kipimo ni bakuli dogo.

Daktari Willem Kolff alitengeneza figo bandia yake mwaka 1943 huko Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Utando wake ulikuwa selofeni, ile ya kufungia soseji. Nyuzi zimebadilika sana tangu hapo, lakini kanuni ni ileile.

Jambo linalonifanya niandike leo ni maji. Mashine hupitisha mililita 500 kwa dakika, kwa hiyo katika saa nne damu ya mgonjwa mmoja imekutana na lita 120 za maji, mara tatu kwa wiki. Mimi na wewe tunakunywa labda lita mbili kwa siku, na utumbo na figo zetu zinatulinda. Yeye ana ule ukuta wa uzi tu, na ukuta huo huruhusu kuingia kama unavyoruhusu kutoka.

Hapa kwetu maji yanashuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na sehemu nyingi yana floraidi ya kutosha kuyapa meno ya watoto rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Maji ya kusafishia damu hayatakiwi kuzidi 0.2. Chicago, mwaka 1993, mfumo wa kusafisha maji ulichoka bila kugundulika, floraidi ikapita, na wagonjwa 3 wakafa.

Ndiyo maana kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia huwa nimeshapita chumba cha nyuma, chenye matangi na pampu ambako wageni hawapelekwi. Mle kuna utando mwingine, na wenyewe maji husukumwa kwa nguvu yavuke, floraidi na chumvi nyingine zikibaki nyuma. Napima klorini baada ya tangi la mkaa, kwa kuwa ikifika kwenye filta hupasua chembe nyekundu. Nasoma mita ya chumvi. Namba ikianza kupanda siku hadi siku, utando unachoka, na hapo sibishani na mtu kuhusu bajeti: unabadilishwa.

Kama una mzazi au ndugu anayesafishwa damu, popote pale, uliza maji yalipimwa lini na uombe kuona daftari. Usiishie kuuliza mashine ni mpya au ya zamani. Unayo haki hiyo, na muuguzi anayeipenda kazi yake atakufungulia ukurasa wa leo.