Goli la Abbas Suan na soda ya fundi baiskeli

Hii ni ya tarehe 26 Machi 2005, Jumamosi kuamkia Pasaka, kibanda umiza kimoja cha Kirumba, Mwanza, karibu na mwaloni, kimejaa mpaka watu wamekalia ndoo za dagaa. Mechi ni Israel na Ireland, kufuzu Kombe la Dunia la 2006. Msishangae Kirumba tunaangalia Israel, watu walimfuata Duff wa Chelsea na Robbie Keane wa Tottenham, hao Israel wengi wetu tulikuwa tunawajua kwenye Biblia tu.

Mimi pale jina langu Mwarabu. Babu mzaa baba alitoka Oman, akafungua duka, akaoa Msukuma wa Magu, basi. Kiarabu nyumbani ni cha kwenye swala, bibi akinigombeza ni Kisukuma kitupu. Kwenye mechi zetu za mtaani nilikuwa nacheza namba 3, na wenzangu wakikosea pasi wanatukanwa matusi ya kawaida, mimi nikikosea naambiwa rudi Muscat ukauze kahawa. Uwanja mzima unacheka na mimi nacheka, maana ukinuna ndo umekwisha, litakuwa wimbo mwezi mzima.

Sasa dakika ya 4 tu Clinton Morrison kashawafungia Ireland. Jirani yangu, fundi baiskeli, Man United wa kulia machozi, akasimama akatangaza Israel hawachomoi, anaweka soda. Kibanda kizima kimya, mimi kwa ubishi tu nikasema naichukua. Kumbe nimejiletea balaa, maana mtangazaji akawa anamtaja Abbas, Abbas, na mzee mmoja wa mbele akageuka akaniuliza, "Ng'wanawane, Abbas wa wapi huyo, si timu ya Wayahudi hii?"

Bahati nilikuwa nimesoma magazetini mwaka wa nyuma, timu yake ilipopangwa na Newcastle kwenye Kombe la UEFA. Nikamwambia mzee kule kuna Waarabu raia kabisa, karibu mtu mmoja katika kila watano, hao ni wale waliobaki 1948 nchi ya Israel ilipoanzishwa na watoto wao. Huyo Abbas Suan ni nahodha wa Bnei Sakhnin, timu ya mji mdogo wa Galilaya, Mei 2004 walichukua Kombe la Taifa kwa kuipiga Hapoel Haifa 4-1, hakuna timu ya mji wa Kiarabu iliyowahi kulichukua kabla yao. Na kocha wao Myahudi, na wachezaji wamechanganyika. Mzee akafikiri weee, akauliza, "Sasa wimbo wa taifa anaimba?"

Sikuwa na jibu. Baadaye ndo nikaja kujua wimbo wao unazungumzia nafsi ya Kiyahudi, wachezaji wengi wa Kiarabu wanasimama tu midomo imefungwa. Hapo ndo sikubaliani na wanaosema mambo yetu na yao ni yale yale. Mungu Ibariki Afrika haina kabila ndani, mimi naiimba mwanzo mwisho, kelele za kahawa ni kelele za watu, haziko kwenye wimbo wala kwenye sheria. Ila usiku ule nilimuelewa yule jamaa bila kuelezwa na mtu.

Dakika ya 90 hiyo, watu wameshaanza kutafuta ndala zao, Suan kaachia shuti nje ya boksi, kipa wa Ireland, Given, karuka hola, 1-1! Kibanda kikalipuka, na wote, nasema wote, wakanigeukia mimi. Mwarabu wenu kafunga! Mtu ambaye sijawahi kumuona kanibeba juu. Nikidai soda yangu fundi akakataa katakata, anasema Israel hawajachomoa, aliyechomoa ni Mwarabu, kwa hiyo dai kwa ndugu yako. Kibanda kikagawanyika, nusu wanasema alipe, nusu wanasema ana hoja.

Kilichonichosha ni kwamba kule nako kulikuwa na wenye hoja ya fundi, na wao hawakuwa wanatania. Muda si mrefu Suan anacheza na Beitar Jerusalem, mashabiki wa Beitar wakatundika bango wakimwambia hawawakilishi wao. Mtu ambaye juzi tu alikuwa shujaa wa nchi nzima.

Jumatano yake, tarehe 30, Israel na Ufaransa, Trezeguet akatangulia, akachomoa Walid Badir, Mwarabu mwingine. Na tarehe yenyewe ndo ile Waarabu wa kule wanawakumbuka watu 6 waliouawa 1976 wakipinga ardhi yao kuchukuliwa, na Sakhnin ilikuwa katikati ya hayo maandamano. Hayo sisi Kirumba hatukuyajua. Fundi kaja kijiweni kesho yake, kauliza, "Huyu Badir naye?" Nikamwambia naye. Kaguna, kaagiza soda tatu, mbili kanywa yeye.